Nyumba ya Mtu wa Zamu

Nyumba ya makuti ikifungwa mlango masika moja tu, huanza kufa kuanzia juu. Makuti hushika unyevu usiokaushwa na chochote, yakaota ukungu. Nyuma yake huja bungua, ambao huwaoni wenyewe ila unga wao sakafuni chini ya pau. Kisha popo. Mchwa hawangoji paa. Hupanda kutoka ardhini wakijijengea vijia vya tope juu ya nguzo, na kwa kuwa hakuna wa kuvikwangua asubuhi, hufika kwenye mtambaapanya bila bughudha. Mwenye nyumba akirudi baada ya miezi sita huikuta imesimama vilevile, akamshukuru Mungu, akaushika mwimo wa mlango ili avue viatu, na mwimo ukamegeka mkononi.

Nimeyaona haya kwa majirani waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Hawakuwa wazembe. Walifunga vizuri, wakaweka kufuli nzuri, wakaamini kwamba nyumba isiyoguswa haiharibiki. Kumbe ni kinyume chake, na kinyume hicho ndicho ninachotaka kukitafakari hapa, kwa sababu kinamhusu kila mtu ambaye kazi imemchukua saa zake zote na nyumba yake ikabaki kuwa mahali pa kulalia.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi mjini Pangani. Nakaa ng'ambo ya mto, Bweni, katika nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba viwili, ukumbi mwembamba, kibaraza mbele na jiko uani. Kazini naenda kwa pantoni. Zamu zetu ni tatu, ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na orodha ya mwezi ikishabandikwa ukutani, arusi, misiba, mapishi na usingizi vyote huipisha. Wenzangu huniuliza kwa nini nisipange chumba mjini, cha matofali na bati, kisichonidai chochote. Mimi sijaiona nyumba isiyodai kitu. Nimeona tu nyumba ambazo mdai wake ni mwenye nyumba, anayekuja kila mwisho wa mwezi, na nyumba ambazo mdai wake ni upepo, mvua na mchwa.

Watu wa kazi nyingi tuna desturi ya kuiahirisha nyumba. Nikipata likizo nitapaka chokaa. Watoto wakimaliza shule tutatengeneza uani. Nikistaafu nitakaa. Tunaamini kwamba kuishi nyumbani kunahitaji nafasi, na nafasi haipo. Mimi nikaaye Bweni naona vingine kabisa: nyumba hutunzwa zaidi na mtu mwenye haraka kuliko mtu mwenye nafasi. Mwenye nafasi huja siku moja na ndoo ya rangi, akaondoka. Mwenye haraka hupita kila siku. Hufungua dirisha kwa sababu anataka mwanga wa kutafutia sare, humwaga maji ya kuoshea vyombo pale pale penye mgomba, hushika nguzo ile ile anapovaa viatu, na mkono wake ukikuta tope bichi juu ya nguzo, hulikwangua kwa kisu cha jikoni na kwenda zake. Hakukusudia kukarabati. Amekaa tu.

Nyumba za namna hii pwani yetu zilisimama kwa mikoko. Kule Lamu mti wa mkoko huitwa kwa unene wake: mwembamba kabisa ni fito, ukizidi kidogo ni pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti, yakazipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ndiyo maana vyumba vingi vya kale vya huko, kama vile vya nyumba za mawe za Unguja, ni virefu na vyembamba: upana wake ni ule ambao boriti moja inaweza kuuvuka. Chumba changu cha kulala kina kipimo hicho hicho cha umaskini na utajiri. Kinaenea kitanda, sanduku, na mtu mmoja kupita.

Siku hizi huwezi kuingia mikokoni ukakata unavyotaka. Ni lazima kibali, na ni vyema iwe hivyo, maana mikoko ndiyo inayoshika kingo za mto. Kwa hiyo nguzo za nyuma, zilipochoka, zilibadilishwa kwa mivinje. Mchwa wanaijua tofauti. Nguzo ya mkoko, ambayo ina ukali wake kwenye magome na ndani ya mti, wanaizunguka. Ya mvinje wanaiendea moja kwa moja. Fundi aliipaka oili chafu ya magari kabla ya kuisimika, na kila mwaka kabla ya masika naipaka tena ile sehemu iliyo karibu na ardhi. Hii ni kazi ya muda mfupi kabisa. Ninaifanya nikiwa nasubiri chai ichemke.

Paa ndilo lenye habari ndefu. Makuti ya kuezekea ni yale ya viungo, yanayoshonwa majani yakikunjwa juu ya ufito, siyo yale ya kumba ambayo husukwa kwa ajili ya ua na vibanda. Paa lililoezekwa kwa kubanana na lenye mteremko wa kutosha huweza kukaa miaka mitano, au zaidi likitunzwa. Mteremko ukiwa mdogo, maji hukawia na makuti huoza kabla ya wakati wake. Bei nayo inapanda. Ugonjwa wa kunyong'onyea umekula minazi mingi ya pwani hii. Jani hugeuka manjano, nazi changa hupukutika, kilele huanguka, unabaki mti mrefu kama nguzo ya simu. Minazi ikipungua, makuti hupungua, na bati linaonekana rahisi. Simlaumu anayeezeka bati. Lakini nimelala chini ya bati mchana wa Februari baada ya zamu ya usiku, na najua kwa nini naendelea kununua makuti.

Ukisimama kwenye jiko langu la uani na kutazama juu, utaona jambo ambalo nalipenda sana kulionyesha wageni. Pau na makombamoyo ni meusi, yanang'aa, masizi yameyavika kitu kama lami kavu. Ukipitisha kidole, kidole kinarudi cheusi lakini mti chini yake ni mgumu, hauna tundu hata moja. Makuti yake yamezeeka kuliko ya nyumba kubwa, na bado hayavuji. Kisha ingia ndani ya nyumba, ambako hakujawahi kupikwa kwa kuni, utazame juu tena. Pau ni za kijivu, na hapa na pale zina vitundu vidogo vya duara. Fundi ni yule yule, kazi ya kuezeka ni ile ile. Kilichotofautiana ni moshi. Moshi wa vifuu, makumbi na karara hukausha makuti na kuwafukuza wadudu, na wazee waliopika ndani walikuwa wanalihifadhi paa kila walipochemsha uji, bila kulifikiria hata kidogo.

Bibi jirani yangu hunikumbusha hili kila anapouona mtungi wangu wa gesi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeshapika kwa hilo dude lako?"

"Nimeshapika bibi, niwahi pantoni."

"Haya. Wewe umekula, paa lako halijala."

Napika kwa gesi kwa sababu kuni zinataka mtu wa kukaa nazo, nami nina dakika chache kati ya kuamka na kuondoka. Lakini hata ningekuwa na siku nzima, nisingerudisha kuni jikoni. Hapa uuguzi wangu na makuti yangu haviwezi kukubaliana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa ya majumbani, ambao kwa sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mimi huwapokea wanawake ambao wamepika kwa kuni tangu utotoni, na najua kile kikohozi kisichokuwa na homa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia kwenye nishati safi. Nauunga mkono bila kusita, na kila mama ninayemruhusu kwenda nyumbani na kichanga namwambia asimkalishe jikoni penye moshi, hata kama bibi yake mtoto atakasirika.

Ila nataka tuseme ukweli wote. Moshi ulikuwa unafanya kazi mbili, na tunapouondoa, ile kazi ya pili haifanywi na mtu. Paa la mwenye gesi linataka macho. Linataka madirisha yafunguliwe ili upepo ufanye ule ukaushaji uliofanywa na moto. Linataka mtu atazame juu mara kwa mara, auone unga sakafuni siku ile ile unapodondoka na si miezi miwili baadaye. Kwa maneno mengine, mapafu yetu tumeyaokoa kwa deni ambalo inabidi tulilipe kwa kuwepo, na mtu wa zamu ndiye mwenye shida kubwa ya kuwepo.

Hapo ndipo ninapomrudia bibi. Ufunguo wa nyumba yangu anao yeye. Nikiwa zamu ya asubuhi hufungua madirisha ya upande wa mto jua likishapanda, na alasiri huyafunga. Sikumwomba hivyo, nilimwachia ufunguo kwa ajili ya mtu wa gesi, naye akaona kuwa nyumba inavunda, akafungua. Wajukuu wake hufanyia kazi za shule kwenye kibaraza changu kwa sababu mchana kina kivuli na cha kwao kina jua. Wavuvi wakipanda kutoka pwani huketi pale kusubiri mtu wa kuwauzia barafu. Nikirudi nakuta maganda ya machungwa, kipande cha penseli, wakati mwingine samaki mmoja amefungwa kwenye jani la mgomba juu ya kizingiti, bila ya maelezo. Kibaraza kimelainika, udongo wake umekuwa na mng'ao, na mng'ao ule si wa makalio yangu peke yangu.

Nimewahi kusikia watu wa mjini wakilalamika kwamba majirani wa namna hii wanaingilia faragha. Naelewa, na katika maisha ya kupanga vyumba huenda wana haki. Lakini mtu anayefanya kazi za zamu hawezi kuishi peke yake ndani ya nyumba yake hata akitaka. Saa zake ni za kinyume. Wakati nyumba inamhitaji yeye hayupo, na wakati yupo amelala. Nyumba yangu imesimama kwa sababu inakaliwa na watu wengi zaidi ya wale wanaolala ndani.

Kulala mchana ni somo la pekee. Mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni haijui nyumba yake ya saa sita. Ile ni nyumba nyingine. Makuti yana vijishimo visivyopitisha maji lakini vinapitisha mwanga, na adhuhuri chandarua changu huwa na madoa madogo ya jua yanayosogea taratibu kuelekea miguuni. Kwa madoa hayo hujua kama nimelala vya kutosha. Nje nasikia mtoto akianza kupiga kelele na mwenzake akimkemea, "We, nesi kalala!" kwa sauti kubwa kuliko ya yule wa kwanza. Muuza samaki akipita hapigi mbiu yake mbele ya mlango wangu, huinyamazia hapo akaianza tena kwa jirani wa pili. Hakuna aliyewakalisha kikao kuwafundisha. Wanajua kwamba mimi ndiye niliyewazalisha mama zao au dada zao, na huu ni mshahara ambao hauandikwi mahali.

Zipo asubuhi ninazorudi na jambo lisilosemeka. Kila muuguzi wa wodi ya wazazi anajua ninachosema. Unakabidhi zamu, unaandika kila kitu, unavuka mto pamoja na watu wanaozungumzia bei ya nyanya, na unafika nyumbani huwezi kulala wala kuongea. Siku hizo nyumba hunisaidia kwa kunidai. Natoa maji pipani, naloweka sare, nachukua ufagio wa chelewa na kufagia uani kutoka mlango wa jiko hadi kwenye ua wa makumba, na mchanga unabaki na mistari. Bibi akiniona nafagia saa hiyo haniulizi habari za kazini. Huja na kikombe cha chai, hukiweka kwenye kibaraza, huketi. Sijui watu wanaorudi kwenye vyumba visivyo na uwanja wa kufagia hufanya nini na mikono yao.

Kusini ya hapa, kuelekea Ushongo, kuna mabanda ya makuti yaliyojengwa kwa ajili ya wageni wanaotaka kupumzika. Ni mazuri, mengine yana vitanda vya Lamu na sakafu iliyosakafiwa vizuri kuliko yangu. Msimu wa masika wageni hawapo, na wanaoyatunza huingia mle kila siku, wakafungua, wakakung'uta magodoro, wakafagia unga wa bungua. Yaani mtu analipwa mshahara ili afanye kama anakaa. Mjini Pangani kwenyewe, kando ya mto, nyumba kuukuu za mawe zinasema hayo hayo kwa miaka mingi zaidi. Ile ambayo ukumbi wake una cherehani na watoto wa madrasa imesimama wima pamoja na nyufa zake. Ya jirani yake, iliyojengwa kwa mawe na chokaa ile ile, ilifungwa, maji yakaingilia darini, mbegu ya mti ikaota juu ya ukuta, na sasa mizizi ndiyo inayoushikilia ukuta ambao yenyewe iliupasua. Napita mbele yake karibu kila siku nikitoka kwenye pantoni. Inaniuma, kwa sababu mlango wake bado una nakshi.

Upepo nao una zamu. Wakati wa kusi nyumba yangu hupigwa mgongoni, chumba cha nyuma huwa baridi na ndicho cha kulala. Kaskazi ikiingia nahamisha kitanda kwenda chumba cha mbele. Kuhamisha kitanda ni dakika kumi na mtu mmoja wa kusaidia, na siku hiyo chini ya kitanda hupatikana kila kilichopotea tangu upepo ulipobadilika. Mwenye kiyoyozi hahitaji kuhama. Mimi siwezi kukinunua, lakini pia sidhani ningeacha kuhama, maana ni mara hizo ndipo ninapouona ukuta wote na kujua mahali udongo ulipoachia fito na panapotaka kukandikwa. Nakanda udongo jioni, nakandika asubuhi kabla ya kuoga. Kiraka kibichi hubaki na alama za vidole vyangu mpaka chokaa ya mwaka ipite.

Sasa daraja linajengwa. Lina urefu wa mita 525, na limo katika barabara ya pwani inayounganisha Tanga, Pangani na Bagamoyo. Kwa kazi yangu ni baraka isiyo na mjadala: mama mwenye uchungu usiku wa manane upande wa Bweni hatangoja chombo kiitwe, na hilo peke yake linatosha. Kwangu binafsi litanirudishia muda ninaoupoteza nikisubiri pantoni kwenda na kurudi. Wenzangu wanasema nitaweza kulala zaidi. Bibi ana maoni mengine. Ameshanigawia muda huo: asubuhi nimsindikize kliniki ya presha kila tarehe yake inapofika, kwa kuwa sasa bajaji itamfuata hadi mlangoni, jioni tusuke makuti ya kumba ya ua wa nyuma, ambao mbuzi wa watu wameuzoea. Tena amesema siku ya kuezeka upya kipaa cha kusini nisimwite fundi kabla yeye hajayachagua makuti mwenyewe, moja moja, kwa sababu mara iliyopita walituchanganyia ya zamani na mapya. Nimemkubalia. Orodha ya zamu ya mwezi ujao inatoka Alhamisi, na nimemwomba msimamizi wangu aniwekee jioni wiki ya kwanza, ili asubuhi niwe chini ya ngazi nikimpa fundi makuti.